Mwambao Bila Bahari: Mwongozo Kamili wa Kutazama Ndege na Wanyama Kando ya Ziwa Viktoria, Uganda, kwa Bajeti Ndogo

Ukitaja Uganda na wanyama kwa pamoja, watu wengi huwaza gorila wa Bwindi, kibali cha mamia ya dola na gari la kukodi. Msafiri mwenye mfuko mwepesi husikia hesabu hiyo, akaishia kuzunguka Kampala na kurudi kwao. Anakosa mengi. Uganda haina bahari, lakini ina mwambao mrefu wa Ziwa Viktoria, ambalo Baganda huliita Nalubaale. Mwambao huo una mafunjo, visiwa, misitu inayoshuka hadi majini, mbega, viboko na ndege ambao watazamaji huvuka mabara kuja kuwaona. Sehemu kubwa unaifikia kwa teksi (ndivyo Waganda wanavyoita daladala au matatu), feri na bodaboda.

Safari nzima inasimama juu ya uamuzi mmoja: okoa kwenye kitanda na kwenye usafiri, usibane kwenye mtumbwi na kwa kiongozi. Kitanda cha bei ghali hakikuonyeshi ndege hata mmoja. Kiongozi mzuri wa kijijini anakuonyesha ndege ambao ungewapita bila kujua, na pesa unayompa ndiyo inayofanya kinamasi kile kiwe na maana kwa wanaoishi kando yake. Anayepiga bei ya mtumbwi mpaka mwenyewe anune, kisha akalala kwenye hoteli yenye kiyoyozi, amepanga safari yake kichwa chini.

Kwanza, ijue njia

Mzunguko ninaoupendekeza unachukua siku sita au saba na haurudii barabara, isipokuwa ile ya Mabamba. Unaanzia Entebbe, unavuka kwenda kinamasi cha Mabamba na kurudi, unapanda feri kutoka Nakiwogo hadi Kalangala katika kisiwa cha Bugala, unatoka Bugala upande wa pili kwa feri ya Luuku–Bukakata, unalala Nabugabo, unaibukia Masaka. Kutoka Masaka unaamua: Kampala, Mutukula kwa wanaorudi Tanzania, au magharibi kwenye Mfereji wa Kazinga kama bado una siku na pesa.

Wanaotoka Bukoba wafanye mzunguko huu kinyume. Mutukula hadi Masaka si mbali, na ukianzia Bukakata unafika Entebbe mwishoni, karibu na Kampala na mabasi yote. Wanaotoka Nairobi, Kisumu au Eldoret kupitia Busia au Malaba wafuate mpangilio nilioutaja.

Majira ya kwenda

Miezi mikavu ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti. Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, kisha tena Septemba hadi Novemba. Mvua za hapa mara nyingi hupiga kwa saa moja au mbili halafu jua likatoka, kwa hiyo msimu wa mvua hauharibu kila kitu; unachoharibu ni barabara za vumbi za Mabamba na Bugala, na hali ya ziwa.

Kwa mtazamaji wa ndege, kati ya Novemba na Machi ndipo wageni kutoka Ulaya na Asia wanapokuwa wamejaa. Ghuba ya Lutembe, kati ya Kampala na Entebbe, hupokea buabua mabawa-meupe kwa mamia ya maelfu katika miezi hiyo. Mbayuwayu wa buluu, ndege adimu anayezaliana kusini mwa Afrika, huja Mabamba miezi ya katikati ya mwaka. Hakuna msimu mtupu. Mimi ningechagua Januari au Februari: kukavu, na wageni wa kaskazini bado wapo.

Epuka wikendi na sikukuu. Ijumaa jioni watu wa Kampala huteremkia Entebbe na Kalangala na spika zao, bei hupanda, na tumbili na ndege hujificha. Panga visiwa viangukie Jumatatu hadi Alhamisi.

Karatasi za mpakani

Raia wa Kenya na Rwanda wanaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kadi ile ya njano yenyewe, siyo picha kwenye simu. Chanja angalau siku 10 kabla ya kuvuka, kwa sababu cheti huanza kuhesabika baada ya siku hizo.

Kitambulisho cha Afrika Mashariki kina kazi nyingine. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, hutoza kwa makundi: mgeni wa ng'ambo hulipa kwa dola, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi za Uganda, na tofauti ni kubwa mno. Vituo vingine vingi hufuata mtindo huo huo. Usingoje uulizwe, toa kitambulisho kabla hawajakuandikia risiti, maana risiti ikishatoka kubadilisha ni shughuli.

Hesabu ya pesa

Hivi ndivyo ningempangia raia wa Afrika Mashariki anayesafiri na wenzake wawili, usiku sita, kwa shilingi za Uganda, kila mmoja:

- Kitanda cha bweni au nusu ya chumba, 45,000 kwa usiku: 270,000
- Chakula, 25,000 kwa siku kwa siku saba: 175,000
- Teksi, bodaboda na feri zote ndani ya mzunguko: 120,000
- Fungu lake la mtumbwi wa Mabamba, ikiwa mtumbwi mzima umetengewa 150,000: 50,000
- Viingilio vya Entebbe na kiongozi wa msituni Bugala: 50,000
- Akiba isiyoguswa: 100,000

Jumla ni 765,000, bila nauli ya kufika Uganda. Hayo ni mafungu ya kupangia. Bei hubadilika, lakini uwiano wake haubadiliki sana. Tazama mtumbwi. Bei yake ni ya mtumbwi, haihesabu vichwa, kwa hiyo anayekwenda peke yake hubeba 150,000 yote na watatu hugawana. Ndiyo maana hosteli ina faida kuliko gesti ya bei ileile: jioni, pale kwenye meza ya chakula, unapata wenzako wa kesho. Sema mapema kwamba unatafuta watu wa Mabamba, mwombe wa mapokezi aandike kwenye ubao. Mara nyingi kufikia usiku mmeshakuwa watatu.

Beba shilingi taslimu za visiwani. Kalangala mjini kuna mawakala wa pesa za simu, lakini wakala wa kisiwani anaweza kuishiwa na fedha siku hiyo hiyo unayohitaji. Sajili laini ya MTN au Airtel Kampala au Entebbe kwa kitambulisho chako; huduma ya pesa za simu itakufaa kulipia kitanda kabla hujafika.

Kulala

Jambo la kwanza: ukimwambia dereva wa bodaboda "nipeleke hosteli" ukiwa Kampala, anaweza kukushusha Kikoni au Wandegeya kwenye mabweni ya wanafunzi wa Makerere. Taja jina la mahali na mtaa.

Entebbe, mtaa wa kuanzia ni Kitoro. Ndiko stendi ya teksi ilipo, ndiko chakula cha bei nafuu kilipo, na hosteli za wasafiri na gesti ndogo ziko huko na kwenye mitaa ya jirani. Hoteli za kando ya maji zina mandhari, ila mandhari hayo hayo unayapata bure asubuhi ukitembea kuelekea Bustani ya Mimea. Kituo cha elimu ya wanyamapori, UWEC, kina vibanda vya kulala ndani ya uzio wake. Anayetaka kulala akisikia simba aulizie huko.

Kalangala, nyumba za wageni zimejipanga ufukweni Lutoboka, chini ya mji, pale feri inapotia nanga. Zipo zinazokuruhusu kupiga hema uwanjani kwa bei ya chini ya chumba. Hema jepesi hulipa gharama yake haraka katika mzunguko huu, kwa kuwa Nabugabo nako unaweza kupiga.

Kabla ya kulipa kitanda popote, kagua vitu vitatu kwa macho yako: neti isiyo na matundu na inayofika chini ya godoro, kabati au kisanduku chenye sehemu ya kutia kufuli lako mwenyewe, na taa ya chooni inayowaka. Ukiambiwa neti inakuja baadaye, lala kwingine. Malaria kando ya ziwa hili haina msimu wa kupumzika.

Entebbe: siku ya kufundisha macho

Watu wengi huipita Entebbe wakikimbilia ndege ya abiria au feri. Ipe siku nzima. Bustani ya Mimea ilianzishwa mwaka 1898, na miti yake mikubwa inateremka hadi ukingo wa ziwa. Kwa kiingilio kidogo unapata mbega weusi kwa weupe juu ya vichwa, tumbili chini, hondohondo wanaopiga kelele, kasuku wa kijivu wanaopita kwa makundi jioni, na shorobo mkubwa wa buluu, mwenye kishungi cheusi na mdomo wa njano wenye ncha nyekundu. Michikichi ya bustani hufuatwa na tai mla mawese, ndege ambaye chakula chake kikubwa ni matunda ya mchikichi.

Fika mlango ukifunguliwa. Tembea polepole, simama kila baada ya hatua chache. Anza na furukombe, kwarara, mnandi, yangeyange na mdiria, kwa sababu hawa utakutana nao kila siku inayofuata na ukishawajua hutapoteza muda kinamasini ukiuliza "yule nani?" Pakua kabla ya safari programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na kifurushi chake cha ndege kinachohusu Uganda, ni bure na inafanya kazi bila intaneti. Darubini ya 8x42 inatosha. Mbili kwa watu watatu zinatosha pia.

Ndizi na mikate ifiche ndani ya begi. Tumbili wa pale wameshazoea kulishwa na wageni, na tumbili aliyezoea kulishwa hunyang'anya, huuma, na mwisho wake huwa mbaya kwake. Usimpe hata ganda. Na darubini wala kamera usiielekeze Ikulu wala uwanja wa ndege; Entebbe ina askari wengi na maelezo ya "natafuta ndege" hayawafurahishi.

Mchana nenda UWEC, ambayo wenyeji bado huiita Zuu. Ilianza mwaka 1952 na sasa hupokea wanyama waliookolewa kutoka kwa wawindaji haramu na wafanyabiashara. Kama una wasiwasi kwamba bulwe, ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu anayetafutwa Mabamba, atakukwepa, huku unaweza kumwona mmoja kwa karibu na kujifunza umbo lake.

Kisiwa cha Ngamba, makao ya sokwe yatima yaliyoanzishwa mwaka 1998, kiko kilomita 23 hivi kutoka Entebbe. Sokwe huonekana kutoka jukwaani wakati wa kulishwa. Kazi inayofanywa pale naiheshimu sana, lakini boti na kiingilio vinameza bajeti ya siku kadhaa. Kwa mfuko mdogo, kiruke, au kiweke peke yake mahali pa Mabamba. Vyote viwili havitoshi ndani ya hesabu ya hapo juu.

Mabamba

Hapa ndipo pesa na usingizi wako viende.

Mabamba ni kinamasi cha mafunjo na mayungiyungi upande wa magharibi wa Entebbe, ng'ambo ya ghuba. Mwaka 2006 kiliandikishwa kwenye Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Anayewaleta watu huku ni bulwe, ndege wa kijivu anayefika kimo cha mita moja na zaidi, mwenye mdomo mkubwa kama kiatu cha mbao na jicho la njano lisilopepesa. Chakula chake kipenzi ni kamongo, samaki wa matopeni anayepanda juu kuvuta hewa. Bulwe huinamia maji na kungoja. Anaweza kungoja muda mrefu bila kusogeza unyoya. Kamongo akijitokeza, hujitupa mzima mzima, mabawa wazi, mdomo mbele, kisha huinuka na tope na majani yakimwagika pembeni.

Wavuvi wa zamani walimchukia. Waliamini kwamba ukikutana naye asubuhi nyavu zitarudi tupu, na wengine walimuua au kumfukuza. Leo baadhi ya watoto wa wavuvi wale ndio viongozi wa watalii, na wanajua bulwe gani amehamia upande gani wa kinamasi wiki hii. Mabadiliko hayo yameletwa na ada ya mtumbwi. Ndiyo sababu ninasisitiza ilipwe kikamilifu.

Jinsi ya kufika bila gari la kukodi: kutoka Kitoro chukua bodaboda hadi Nakiwogo, gati la Entebbe. Vuka ghuba hadi Buwaya kwa boti ya abiria. Buwaya panda bodaboda nyingine hadi gati la Mabamba. Patana na huyu bodaboda aende, angoje na kukurudisha, na mlipe baada ya kurudi; ukimwachia aondoke, mchana unaweza kukosa usafiri. Anayetoka Kampala bila kulala Entebbe apande teksi ya Kasanje, kisha bodaboda.

Toka kitandani ukiwa bado na giza. Lengo ni kuwa ndani ya mtumbwi karibu saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla makundi yenye magari hayajafika. Jioni kabla, piga simu hosteli ikuunganishe na kiongozi wa Mabamba ili mtumbwi uwe tayari. Tengeni saa mbili hadi tatu majini.

Mtumbwi hupita kwenye njia nyembamba kati ya kuta za mafunjo. Kaeni wepesi na katikati. Mtumbwi unayumba mtu akisimama kupiga picha. Vaeni rangi za majani au udongo. Mkikuta bulwe amesimama, kiongozi atazima injini au ataacha kupiga kasia. Mwacheni yeye aamue umbali. Msimwombe asogee zaidi "kidogo tu": ndege huyu akisumbuliwa huacha mawindo yake, na akisumbuliwa kila siku huhama. Ukiwa na simu tu, weka lenzi ya simu kwenye jicho moja la darubini. Picha hutoka vizuri kuliko kuvuta kwa kidole.

Usimkazie macho bulwe peke yake. Sile-maua hutembea juu ya majani ya mayungiyungi kwa vidole virefu, mdiria mdogo wa buluu na machungwa hukaa kwenye bua la funjo, bata na makorongo hupita juu. Ukimsikia ndege anayelia kwa sauti kali ndani ya mafunjo halafu haonekani, mwombe kiongozi angoje: kuna mbwigu wa mafunjo, mwenye kifua chekundu na utosi wa njano, ambaye haishi mahali pengine popote isipokuwa mafunjoni.

Bulwe asipoonekana, kiongozi hana deni. Mpe ada yake yote na bakshishi kama amejitahidi.

Kuvuka kwenda Kalangala

Visiwa vya Ssese ni 84. Mkubwa ni Bugala, na mji wake ni Kalangala. Feri ya MV Kalangala kwa kawaida huondoka Nakiwogo saa nane mchana na kutumia saa tatu na nusu hivi. Kurudi huondoka Lutoboka saa mbili asubuhi. Feri huenda matengenezoni mara kwa mara, kwa hiyo ulizia Nakiwogo siku moja kabla. Ukitoka Mabamba asubuhi unapita palepale. Siku ya safari fika saa sita, kata tiketi, kula.

Kaa nje, upande wa kivuli. Furukombe, minandi na shakwe huonekana njia nzima, na feri inapopita kati ya visiwa unaona misitu iliyobaki ikifika majini.

Utaambiwa pia kuna mitumbwi ya mbao yenye injini kutoka Kasenyi, inakwenda haraka, inafika visiwa ambavyo feri haifiki, na vijana hukubeba mgongoni hadi ndani ili usilowe. Ni kweli. Lakini mitumbwi hiyo hubeba mizigo, watu na mitungi kwa pamoja, na ziwa hili hubadilika ghafla. Novemba 2018 boti ya starehe iliyojazwa kupita kiasi ilizama upande wa Mukono na zaidi ya watu 30 wakafa. Wengi hawakuwa wamevaa jaketi la kuokoa maisha. Kama ni lazima upande mtumbwi, panda asubuhi, vaa jaketi kabla ya kuondoka nchi kavu na ulifunge kamba zote, na ukiona maji yamekaribia ukingo wa juu, shuka. Nauli uliyolipa isikushike.

Bugala

Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale uliwaua watu wengi wa visiwa hivi na serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki. Msitu ulishika ardhi. Tangu miaka ya 2000 sehemu kubwa ya msitu wa Bugala imekatwa kupisha mashamba ya michikichi, utayaona ukitembea barabara kuu, mistari mirefu isiyo na mwisho. Wapo wanaopata riziki humo. Lakini kwa mtu aliyekuja kutazama viumbe, tofauti unaisikia kwa masikio: ndani ya michikichi kuna kimya, ukiingia msitu wa asili uliobaki Lutoboka kelele huanza mara moja.

Mwombe mwenye nyumba ya wageni akutafutie kijana anayeijua njia ya msituni. Nendeni asubuhi na tena saa kumi jioni. Tumbili na mbega hushuka karibu na nyumba. Hondohondo na shorobo hukaa juu. Vaa suruali ndefu na soksi, kwani siafu hapa hawana huruma.

Kuna pia nzohe, paa wa majini mwenye kwato ndefu zinazotawanyika ili asizame topeni. Ssese wana aina yao wenyewe ya nzohe. Kuwaona kunahitaji bahati na muongozaji wa visiwa vya mbali, kwa hiyo usipange safari yote juu yao.

Kuogelea: ufukwe unavutia, na kichocho kipo katika Ziwa Viktoria. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani na sehemu ambazo watu hufulia na kuteka. Mimi nisingeogelea. Aliyeingia majini ajikaushe kwa nguvu mara anapotoka, na wiki sita hadi nane baadaye apimwe; tiba ya praziquantel ni rahisi na inapatikana.

Chakula hakitakushinda. Agiza ngege wa kukaanga mapema, maana huvuliwa na kukaangwa baada ya wewe kusema. Asubuhi rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, inakufikisha mchana.

Luuku, Bukakata, Nabugabo

Kutoka Kalangala mjini teksi hushuka hadi Luuku, upande wa magharibi wa kisiwa. Feri ya Luuku–Bukakata haitozi nauli. Ng'ambo, teksi za Bukakata–Masaka hupita njia ya kuingia Ziwa Nabugabo. Mwambie kondakta akushushe hapo, kisha bodaboda.

Nabugabo ni ziwa dogo lililotengwa na Viktoria kwa tuta la mchanga maelfu ya miaka iliyopita, na ndani yake wamo samaki wadogo wasiopatikana kwingine. Lina hadhi ya Ramsar tangu 2004. Kuna kituo cha mapumziko cha kanisa chenye vibanda na uwanja wa mahema, na mahali pengine pachache. Hapa kazi yako ni kukaa. Watafiti wamewafuata tumbili wa Nabugabo kwa miaka mingi, nawe ukikaa chini ya mti asubuhi nzima utaanza kuona nani anamwogopa nani, nani anambeba mtoto wa nani. Ada haipo, mafuta hayapo, haraka haipo.

Viboko, mamba na usiku

Kokote kwenye maji, usisimame kati ya kiboko na ziwa. Usiku wanatoka kula majani, na wanapita njia ileile kila siku. Nyasi iliyolala na mavi yaliyotawanywa vichakani ndiyo alama. Ukilala hemani, uliza mwenyeji anapopita kabla hujapigilia kigingi, na haja ya usiku nenda na tochi. Kuteka maji ukingoni gizani acha kabisa, kwa sababu ya mamba.

Kiswahili kitakufikisha mbali kwa bodaboda, askari na wafanyabiashara. Vijijini Buganda anza na salamu ya Kiganda, mwite mwanamume "ssebo" na mwanamke "nnyabo", sema "webale" ukihudumiwa. Watu hufurahi, na ukishafurahiwa habari za wanyama huja zenyewe.

Ukibakiwa na siku tatu: Katunguru

Kutoka Masaka mabasi ya Kasese yanayopitia Mbarara huvuka daraja la Katunguru, juu ya Mfereji wa Kazinga unaounganisha Ziwa Edward na Ziwa George. Barabara hiyo hukatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa 1952, na abiria wa basi halipi kiingilio. Kaa dirishani: tembo na swala aina ya kob huonekana kutoka barabarani.

Lala gesti Katunguru au Kikorongo, pale Ikweta inapokata barabara. Safari ya boti mferejini ndiyo gharama ya kweli ya siku hizo. Tafuta boti ya kuchangia badala ya kukodi nzima, na uliza wazi kama bei uliyotajiwa imeshahesabu kiingilio cha UWA. Kiingilio hudumu saa 24, kwa hiyo ukiingia mchana kwa boti ya jioni, bado una asubuhi ya kesho yake. Mchana ndio wakati wa nyati na tembo kushuka kunywa, viboko wako majini, na mamba wamelala kando yao. Mwulize nahodha kabla hujachagua kiti, yeye anajua siku hiyo wako wapi. Kurudi Kampala, mwambie mwenye gesti jioni ampigie wakala wa basi, kwa sababu mabasi ya kutoka Kasese hupita asubuhi na husimama Katunguru tu kama yana nafasi.